Mkia Uliotangulia

Jana usiku niliota mfereji wa paa langu unaniita kwa jina. Haukunong'ona. Ulipiga kelele kama mtu aliyejifungia chooni: "Mwanjala! Mwanjala wee! Toka nje, nimekabwa!"

Kabla sijaendelea niseme mambo ya mchana, maana mtu akisikia mfereji wa bati unaongea anaweza kudhani nilikuwa nimekunywa. Mimi sinywi. Waulizeni majirani wote, isipokuwa Mwangeka.

Nyumba yangu iko nje kidogo ya Voi, na nyuma ya jiko pana mgunga mkubwa. Humo wanaishi minana wa kichwa cheupe, ukoo mzima, na kelele zao. Minana hawa hawajengi kwa nyasi laini kama ndege wenye adabu. Wanajenga kwa vijiti vya miiba, na viota vyao vinaning'inia matawini, mlango ukiangalia chini. Vijiti vinaanguka juu ya bati, upepo unavifagia mpaka kwenye mfereji, mfereji unaziba, na tangi langu linabaki kavu huku mvua inamwagika uwanjani. Mwaka jana ilinyesha usiku kucha, na asubuhi yake tukanunua maji ya mkokoteni. Nilikasirika hata chai haikushuka.

Kwa hiyo mwaka huu, wingu lilipoanza kukaa juu ya mlima Kasigau, nilimpigia simu Nyambu. Nyambu ni fundi wa kukata miti, ana msumeno wa injini. Nikamwambia aje alfajiri aulaze ule mgunga chini.

Mke wangu Saru alikuwa anapepeta mchele. "Baba Mghoi, na wale ndege je?"

"Ndege wana mabawa," nikamjibu.

Akaendelea kupepeta. Saru akinyamaza namna ile ujue amesema.

Sasa, katika mgunga huo huo kuna ndege mmoja mdogo asiye mnana. Kifua cheupe, mgongo wa kijivu, ukubwa wake hauzidi ngumi yangu. Anakaa kwenye tawi kavu la juu kabisa, peke yake, anatazama chini. Mwangeka, jirani yangu, anasema ni kozi. Kozi! Ndege anayekamata wenzake angani! Nikamwambia kozi wa kukaa kwenye kikombe sijamwona, huyo ni kipwe tu, kindege mla wadudu. Tumebishana juu ya ndege huyo mpaka tukaacha kusalimiana, tukaanza tena, tukaacha tena.

Lakini kuna jambo sikumwambia Mwangeka. Ndege yule alikuwa ananitatiza. Mti mzima unajenga, kila mmoja na kijiti chake mdomoni, yeye sijamwona hata siku moja na ukuti. Anakaa. Anatingisha kichwa. Anajiangusha chini, anarudi na panzi. Basi. Sasa huyu analala wapi? Swali hilo nililala nalo jana, na nadhani ndilo lililonifungulia mlango.

Basi, mfereji umeniita. Natoka nje na kikoi changu.

"Tatizo nini?" nauliza.

"Koo," unasema mfereji. "Ingiza mkono."

Naingiza mkono. Nashika kijiti cha mwiba, navuta. Kijiti kinakuja, kinaendelea kuja, hakiishi. Navuta mpaka uwanja umejaa kijiti, na hapo nagundua kwamba si mimi ninayevuta. Kijiti ndicho kinachonivuta mimi. Kichwa kimeingia ndani ya mfereji, mabega yamefuata.

"Maji huja huku," nasema. "Mimi naenda huko."

"Maji hayapo," unasema mfereji. "Pita tu, njia ni yako."

Naona hilo ni jambo la busara. Napita.

Natokea juu ya tawi kavu la mgunga. Nimekaa, miguu inaning'inia, na pembeni yangu amekaa yeye. Sasa tunalingana. Hakunitazama.

"Shikamoo," nasema, maana sikujua umri wake.

"Usiniongeleshe. Niko kazini."

"Kazi gani?"

"Kuangalia."

Akatingisha kichwa, juu, chini, juu. Mkia nao ukafuata. Nikamwuliza mbona anafanya vile, kwani anakubali nini? Akasema hakubali kitu, anapima. Kitu ukikiangalia kutoka mahali pamoja, akasema, hujui kiko mbali kiasi gani. Lazima ukiangalie ukiwa hapa, halafu ukiangalie ukiwa hapa. Watu wengi huangalia kutoka mahali pamoja tu, ndiyo maana hujikwaa.

"Jaribu," akasema.

Natingisha kichwa. Lo! Ardhi inakuja, inarudi. Namwona sisimizi amebeba punje ya sukari, na naijua ile sukari, ni ya jikoni kwangu. Naiona sindano ya Saru iliyopotea kabla ya Krismasi, imelala mchangani karibu na kinu. Namwona mjusi mnene wa kijivu juu ya jiwe la bafuni, koo lake linapanda na kushuka. Sijawahi kuuona uwanja wangu namna hii, na nimeishi hapa tangu nilipooa. Nilifurahi kabisa, sifichi.

"Kumbe wewe kweli ni kozi?" nikamwuliza.

"Ulidhani mimi ni nani?"

"Kipwe."

Aligeuza kichwa, akanitazama kwa jicho moja, muda mrefu. Jicho lilikuwa jeusi na limezungukwa na wekundu.

"Rudia neno hilo," akasema, "na nitakula wewe."

"Samahani."

"Kozi wakubwa wa kule milimani ni binamu zangu. Hawaji kunitembelea kwa sababu hapa kwangu hawapati pa kukaa. Lakini ukoo ni mmoja."

Nikaona ni wakati mzuri wa kuuliza lile langu. "Na unalala wapi, bwana?"

"Kamwulize mke wangu. Shuka, mlango uko chini."

Halafu akamwona yule mjusi. Kichwa juu, kichwa chini. Akajiachia kutoka kwenye tawi, akaenda chini moja kwa moja. Sikuona kilichofuata kwa sababu tawi nililokalia lilikuwa limekuwa ngazi ya zahanati.

Ngazi imepakwa rangi ya kijani nusu ukuta, kama zahanati zote. Mwisho wa ngazi kuna mlango wa duara, umezungukwa na chokaa nyeupe, nene, mpya kabisa. Hapo mlangoni amesimama mnana wa kike, kichwa cheupe, kiuno chekundu, sauti ya kuuza samaki. Mbele yake unaning'inia mzani ule wa kupimia watoto wachanga, wenye suruali ya kitambaa. Upande wa pili wa mzani limekaa yai la kuku.

"Anayeingia asizidi yai!" anapiga kelele mnana. "Hii ni nyumba ya vijiti, si benki! Ingiza miguu!"

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana unapimwa."

Nikaingiza miguu kwenye suruali. Mshale wa mzani ukazunguka, ukazunguka tena, ukachoka, ukakaa.

"Mwingine tena," likasema yai. Lilionekana limefanya kazi hiyo siku nyingi.

"Kozi naye hupimwa?" nikauliza.

"Kozi na yai ni sawa sawa," akasema mnana. "Hazidi hapungui. Wewe vua vitu."

Nikavua viatu ambavyo sikuwa nimevaa. Nikatoa funguo za nyumba, simu, na redio iliyokuwa kifuani kwangu sijui tangu lini. Bado. Mnana akanigonga kifua kwa mdomo, sikio lake akaliweka karibu, akasikiliza.

"Ahaa. Ubishi huo. Toa."

"Mimi si mbishi," nikasema.

Mzani ukashuka mpaka sakafuni.

"Umeona?" akasema mnana. "Umeona mwenyewe?"

Nikapenyeza mkono kwapani, nikaushika, nikauvuta. Ubishi wangu ulitoka mzito na umelowa kama blanketi lililofuliwa. Nikauweka kwenye benchi, na papo hapo ukaanza kuzozana na benchi kuhusu nani amemkalia mwenzake. Nilipopimwa tena, yai liliteremka kidogo.

"Pita," akasema mnana. "Na uwe na adabu, kuna wagonjwa wa usingizi humo."

"Hiyo chokaa nani kaipaka?" nikauliza nikipita, maana ilikuwa kazi safi.

"Watoto. Wanageuza mkia mlangoni na kupaka. Kila siku."

"Wana bidii."

"Usiiguse kwa mkono wako," akasema mnana.

Ndani palikuwa chumba cha kungojea. Kuta za miiba, lakini miiba yote imegeukia nje, kwa hiyo ndani ni starehe. Kwenye benchi amekaa mgeni mmoja tu, ameweka mikono magotini. Alikuwa msumeno wa injini.

Nikamtambua. Ni ule wa Nyambu, wenye kishikio kilichofungwa raba nyeusi ya baiskeli.

"Hujambo," ukasema msumeno kwa upole.

"Sijambo. Unangoja nini?"

"Alfajiri. Nimeahidiwa kazi hapa." Ukakohoa kidogo, ukatoa harufu ya petroli, ukaomba radhi. "Sina ubaya na mtu. Nikiwashwa, nawaka. Nikizimwa, nazima. Tabia yangu ni hiyo tu."

"Na wewe ulipimwa mlangoni?"

"La. Mimi sihitaji kupita mlangoni. Mimi nikija, nyumba yote hushuka."

Ulisema hivyo bila majivuno, kama mtu anayeeleza ratiba ya treni. Nikataka kumwambia msumeno kwamba aliyeuahidi kazi ni mimi, lakini nilihisi unajua.

Mnana akaingia na kijiti mdomoni, akakichomeka ukutani, akakichomoa, akakichomeka palepale.

"Mama," nikamwuliza, "nyumba hii aliijenga nani?"

"Nani tena? Mimi! Kila mwiba! Mume wangu alikuwa anasimamia, yaani anapiga domo."

"Na kozi?"

"Kozi ni mpangaji. Hiki chumba nilikihama, nikajenga kingine pale. Siku moja naona mtu ananichungulia kutoka kwenye chumba changu cha zamani. Nikamwambia, wewe, hujui kusuka? Akasema, 'Kucha zangu ni za kushika. Kusuka ni kwa wanaosuka.' Nikakosa jibu. Mpaka leo sijalipata."

Kwa hiyo ndivyo! Siku zote nikimtafuta na ukuti mdomoni, kumbe hana haja nao. Nilitamani kumkimbilia Mwangeka nimwambie, nikakumbuka hatusalimiani.

"Lakini kozi anakula ndege," nikasema. "Hamwogopi?"

"Ana tabia mbaya moja." Akashusha sauti, jambo lililomtoa jasho. "Mwaka mwingine mtoto wa mtu akipotea, tunajua kaenda wapi. Mwaka huu bado. Ila ana faida. Tangu aje, nyoka hapandi huku."

"Anamwogopa kozi?"

"Sisi tunasema hivyo. Nyoka hatujamwuliza."

Pazia likafunguka. Nasema pazia, lakini lilikuwa bawa. Nyuma yake alikuwa mke wa kozi. Yeye mgongo wake si wa kijivu, ni mwekundu wa hudhurungi, rangi ya udongo wetu baada ya mvua. Ndiyo kwanza nijue kwamba wako wawili na hawafanani. Miezi yote ile nilidhani namtazama ndege mmoja anayebadilisha koti.

"Karibu, jirani," akasema. "Mume wangu kaniambia una swali."

"Nilitaka kujua mnalala wapi."

"Hapa. Baridi ikizidi tunalala wote, mpaka wakwe, tumebanana. Ndilo hilo tu?"

"Ndilo hilo tu," nikasema, na nikaona aibu, kwa sababu mtu anatembelea nyumba aliyoagiza ivunjwe na anauliza habari za kulala.

Chini ya kifua chake palichomoza vichwa. Watoto wake, wamevaa manyoya meupe ya kitoto, macho makubwa, midomo imeshajipinda tayari. Wakanitazama. Wakatingisha vichwa, juu, chini, wananipima.

"Mama," akasema mmoja, "huyu analiwa?"

"Hapana. Huyu ni jirani."

"Hata kidogo?"

"Mwanangu, jirani haliwi."

Mtoto mwingine akanigusa goti kwa ukucha, kwa udadisi tu, na pakatoka tone la damu. Sikukasirika. Nililitazama bawa lake. Lilikuwa kijiti chenye pamba. Saru nilimwambia ndege wana mabawa. Sasa nilikuwa nalitazama bawa lenyewe, na halingeweza kupeperusha hata vumbi.

"Hawa wanaruka lini?" nikauliza.

"Mabawa yakikubali. Mwezi huu bado." Akautazama msumeno pale kwenye benchi. "Yule bwana anangoja sisi?"

"Ndiyo," nikasema. "Nimemleta mimi."

Hakupiga kelele. Ningepiga mimi. Aliinamisha kichwa, akakiinua, kama anayetaka kuliona jambo kutoka mahali pawili.

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Miiba, mfereji, tangi kavu, wingu la Kasigau. Nilieleza vizuri, bila kuongeza chumvi, kwa sababu ubishi ulikuwa nje na nilikuwa mwepesi.

"Mvua ni kweli inakuja," akasema. "Kiu yako naielewa. Mimi naomba kitu kimoja tu. Ngoja mpaka waruke. Wakisharuka, mti ni wako, mimi nitatafuta mnana mwingine."

"Nitangoja," nikasema. "Nitamwambia Nyambu arudi kwake."

"Sasa hivi unasema. Ukiamka utasema ilikuwa ndoto."

"Sitasema!"

"Ubishi wako uko pale nje. Ukipita utauchukua, maana ni mali yako. Utaamka nao." Akaingiza mdomo ukutani, akachomoa kitu, akanikabidhi. "Shika huu. Ukiwa bado unacheza, neno lako ni zima. Ukitulia, basi."

Ulikuwa mkia wa mjusi. Wa kijivu, mnene, umekatika juzi au sasa hivi, na unajinyonganyonga mkononi mwangu.

"Hujambo," ukasema mkia.

"Sijambo. Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko njiani, anakuja na baba wa watoto. Mimi nimetangulia."

"Huumii?"

"Niliumia nilipokuwa naye. Sasa nina haraka tu. Wewe utanishika mpaka wapi?"

Kabla sijajibu, kwenye benchi msumeno ulisimama, ukajisafisha koo.

"Samahanini nyote," ukasema. "Saa yangu."

Ukaanza kuunguruma, kwanza chini kwa chini, halafu kwa nguvu. Miiba ikatetemeka. Miiba yote ikageukia ndani. Mnana akaanza kuchomeka vijiti ukutani kwa haraka, kimoja, kingine, na kila akichomeka viwili vinaanguka. Yule mtoto mdadisi akauliza, "Mama, huyu naye analiwa?" Mama yake alitandaza mabawa juu yao wote, akakaa chini. Angeweza kuruka. Mlango ulikuwa wazi, mabawa anayo. Alikaa.

Hilo ndilo lililonitisha kuliko kelele. Nikapiga kelele nami, "Zima! Zima wee!" lakini sauti yangu ilikuwa na uzito wa yai.

Nikakimbilia mlangoni. Nilisahau kwamba mlango unaangalia chini. Naanguka. Napita mzani, napita yai, napita ngazi ya zahanati, na nyuma yangu nasikia ubishi wangu unakimbia, umelowa, unaniita, "Ningoje! Huwezi kwenda bila mimi!" Natingisha kichwa nipime. Ardhi mbali. Natingisha. Ardhi karibu. Natingisha.

Nikaamka.

Dari ni yangu. Kitanda ni changu. Saru hayupo, upande wake umeshapoa. Dirishani kumepambazuka. Nikashusha pumzi, nikasema kwa sauti, "Ilikuwa ndoto."

Lakini muungurumo haukuisha. Ulikuwa unatoka nyuma ya jiko.

Na ndani ya ngumi yangu ya kulia kulikuwa na kitu kinachocheza.

Sikutaka kufungua. Nilifungua kidole kimoja, halafu cha pili. Mkia wa mjusi, wa kijivu, mnene. Ulijikunja, ukajikunjua, polepole sana.

Papo hapo akili ikaja na maneno yake. Mjusi wa darini huyo, ameangukia kitandani, umemlalia, kaacha mkia. Mambo ya kawaida. Mvua inakuja, Mwanjala, tangi kavu, Nyambu ameshafika. Nikaijua sauti ile. Ilikuwa bado imelowa.

Mkia ukajikunja mara nyingine, na safari hii ukakawia kujikunjua.

Nikatoka mbio. Kikoi nilikishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa na kazi.

Nyambu alikuwa ameinama kwenye shina, msumeno unaunguruma mikononi mwake, magome yameanza kuruka. Saru alikuwa amesimama mbele yake mikono kiunoni, anasema kitu kisichosikika. Mwangeka naye alikuwa ameegemea ua, kikombe cha chai mkononi, amekuja kutazama sinema. Juu yao minana walikuwa wanalia wote kwa pamoja.

"Zima!" nikapiga kelele. "Nyambu, zima!"

"Eti nini, mzee?"

"Zima, nimesema! Zima kabla sijakuuma!"

Akazima. Sijui kwa nini nilisema nitamwuma, lakini ilifaa.

"Mzee," akasema Nyambu, "si ni wewe uliyenipigia?"

"Ni mimi."

"Umesema leo nisikose."

"Nimesema. Sasa nasema rudi nyumbani. Nitakuita mwenyewe watoto wakisharuka."

"Watoto gani?"

Nikamwonyesha. Kiota kimoja, kati ya viota vyote, mlango wake unaangalia chini na umezungukwa na pete nyeupe. Nimeishi chini ya pete ile miezi, na sijawahi kuinua shingo.

"Na mfereji je, Baba Mghoi?" akauliza Saru. Aliuliza taratibu, ananichunguza. "Na mvua?"

"Nitapanda ngazi niuzibue mwenyewe. Kila jioni. Miiba initoboe."

"Watoto wa nani hao, mzee?" Nyambu bado alikuwa anaangalia juu.

"Wa kozi."

Mwangeka akaweka kikombe juu ya nguzo ya ua. "Wa nani? Hebu rudia. Umesema kozi?"

Nikafungua mdomo. Nilingoja ubishi wangu uje, maana kwa Mwangeka haujawahi kuchelewa. Nilingoja kweli. Nadhani ulikuwa umerudi zake kule kwenye benchi.

"Nimesema kozi," nikasema. "Mke wake ana mgongo mwekundu. Wamepanga kwa mnana."

Mwangeka alinitazama kama ameibiwa. Miezi yote ya kubishana, na sasa hana wa kubishana naye. "Sasa umejuaje?" akauliza, na kwa mara ya kwanza hakuwa ananichokoza, alitaka kujua.

"Mkononi mna nini?" akauliza Saru.

Nikafungua kiganja. Wote wakainama: Saru, Nyambu, Mwangeka ameruka ua. Mkia ukajikunja kidogo kwenye ncha, mara moja, kisha ukatulia.

Hapo tukasikia mabawa. Yeye alikuja kutoka upande wa bafuni, chini chini, akapanda mpaka tawi kavu, akatua. Kifua cheupe, mgongo wa kijivu. Akatutazama wote wanne, akatingisha kichwa, juu, chini, juu. Mimi nikatingisha changu.

Kwenye kucha zake alikuwa na mjusi mnene wa kijivu. Mjusi hakuwa na mkia.